Mkono Mbele ya Simu

Chama chetu cha bustani kina sheria moja: ukitaka kusema mkutanoni, kwanza uonyeshe kitu kilichotoka shambani mwako. Karoti moja inatosha, au jani la kabichi, au hata gugu lenye mizizi yake kama umekuja kuuliza namna ya kulimaliza. Ukija mikono mitupu unakaa, unasikiliza, unapewa chai kama wengine, lakini neno huna. Sheria hiyo aliiweka mama aliyeanzisha chama, ambaye sote tunamwita mama prezida. Alikuwa amechoka na watu wanaokuja kufundisha wenzao kulima wakati kwao magugu yamefika madirishani.

Huko Masisi tulikutana Jumapili baada ya misa, nyuma ya kapela, juu ya mikeka miwili. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa sekretere. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu, kama mama prezida alivyosema mbele ya wote, nilikuwa mkulima mbaya kuliko wenzangu na hivyo nafasi ya kuandika ninayo. Sikukasirika sana. Mwaka ule vitunguu vyangu vilikuwa vimeoza vyote.

Mali ya chama ilikuwa chupa moja ya plastiki, ya lita moja na nusu, iliyojaa mbegu za maharagwe na majivu kidogo ya kuzuia wadudu. Ni haragwe jeupe lenye madoa ya zambarau kuzunguka jicho, la kupanda mitini, refu kupita mtu. Mama yake mama prezida alikuja nalo alipoolewa katika mlima ule. Sokoni yapo yanayofanana nalo, lakini ukiyapika unajua si lenyewe, maana letu huiva haraka, halipasuki, na mchuzi wake ni mwekundu. Kila mtu alilima lake kwake, ila chupa ilikuwa akiba ya wote. Kila mavuno tuliingiza mbegu mpya, tukatoa za zamani na kuzipika pamoja. Chupa ilikaa nyumba moja mwaka mzima, kisha ikahamia nyumba nyingine kwa zamu. Tulipokimbia vita, mwaka wa chupa ulikuwa wangu.

Nilibeba chupa, sufuria moja na karatasi za watoto za shule. Tulitembea siku nyingi mpaka tukashuka msituni, tukapanda lori, tukaishia Mubi, kwa shemeji yangu mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Wengine walibaki njiani, Mpofi na Walikale. Mama prezida alitembea na sisi siku mbili tu. Siku ya tatu akasema miguu yake imekataa, akabaki na wenyeji, na baada ya miezi michache akarudi mlimani kwake. Alikuta ghala tupu. Ng'ombe wa watu walikuwa wamekanyaga matuta yote, na katika nyumba zetu hakukuwa na punje hata moja. Kwa hiyo haragwe lile lote, popote duniani, lilikuwa limebaki ndani ya chupa yangu, chini ya kitanda, Mubi.

Aliyeturudisha pamoja alikuwa papa katekista, mwanachama wetu wa karoti, aliyekuwa amefikia Mpofi. Alitafuta namba za watu, akafungua kundi kwenye simu, na Jumapili moja saa tisa alasiri simu yangu ikalia, nikaona nyuso sita ndani ya vidirisha vidogo. Watano hatukuwapata, na wawili kati yao bado hatujui waliko. Mama prezida hakuwa na simu ya picha. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye alimwazima yake, na ilibidi wapande wote wawili mpaka malisho ya juu, ambako ndiko rezo ya simu ilikopatikana. Nyuma yake tuliona majani, mawingu na pembe ya ng'ombe. Tulilia kidogo. Yeye alingoja tumalize.

"Sasa onyesheni mukono," akasema. "Hapa hatukuyake kusikiliza radio."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mama mmoja aliyekuwa Walikale alitoka kwenye kidirisha chake mbio na kurudi na fungu la sombe, majani ya muhogo, bila shaka la jirani, akaruhusiwa kusema. Papa katekista alionyesha karoti nyembamba kama kidole cha mtoto. Mimi sikuwa hata na shamba. Nilisikiliza saa nzima mdomo umefungwa, nikachoma unite zangu za simu kwa kunyamaza.

Wiki ile nilitafuta shamba. Mzee mmoja wa Mubi, mkulima na mwindaji, alinikatia kipande nyuma ya migomba yake. Hakudai kitu ila nisikate mti fulani uliokuwa pembeni, ambao baba yake alikuwa akiongea nao. Niliuacha mti wake. Nilipanda maharagwe kama tulivyopanda Masisi: shimo moja, mbegu mbili, mti mrefu wa kutambalia kando yake. Nilikata miti mibichi msituni, iliyonyooka vizuri, nikaichomeka mistari kwa mistari. Nilitumia karibu nusu ya chupa. Nilipomaliza nilisimama nikalitazama shamba, nikajiona kwa mara ya kwanza mkulima.

Maharagwe yaliota yote. Yalipanda kwa haraka ambayo sijawahi kuiona, majani mapana, meusi kwa afya. Kisha maua yakaja, na maua yakaanguka. Yakaja mengine, yakaanguka. Ganda hata moja halikufunga. Wakati huohuo ile miti niliyoichomeka ikaanza kutoa majani. Kule kwetu mti uliokatwa ni kuni, unakauka. Huku kila kijiti kilikuwa kimeshika mizizi na kujitanua, mpaka maharagwe yakawa kivulini mwa miti niliyoipanda kwa mkono wangu. Mzee alikuja siku moja kutafuta kuku wake, akasimama pembeni muda mrefu.

"Mama, njo maragi unalima ao njo pori?" akauliza.

"Maragi, papa."

"Maragi ya milima inaogopaka joto. Maua haikae. Na hii miti, ukiichomeka mu bulongo, inaona umeipanda." Alikuwa anacheka, lakini si kwa ubaya. "Hukuuliza muntu?"

Sikuuliza mtu. Sisi watu wa milimani tunaamini kwamba maharagwe ni yetu, na kwamba watu wa msituni wanajua mihogo, ndizi na nyama. Nilirudi nyumbani nikahesabu kilichobaki kwenye chupa kwa macho tu. Sikutaka kujua zaidi.

Jumapili iliyofuata mama prezida alianza na mimi. Alikuwa amekonda. Alisema tangu arudi mlimani hajalala vizuri, ila anajipa moyo kwa jambo moja, kwamba mbegu ya mama yake iko salama kwangu. "Mama sekretere, maragi yetu inaenda namna gani? Onyesha mukono."

Nilikuwa nimeketi kitandani na chupa iko chini yangu. Nilimimina kiganja kimoja, nikayafuta majivu kwa kitenge, nikayainua mbele ya simu.

"Inazala, mama prezida," nikasema. "Inazala muzuri."

Watu walipiga makofi ndani ya vidirisha vyao. Mama prezida hakupiga makofi. Alifunika uso kwa kiganja, na muuguzi akageuza simu tukabaki tunatazama nyasi. Nilijiambia nimemwepusha mama mtu mzima na msiba mwingine, amepata ya kumtosha. Hilo ndilo nililojiambia. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu yangu ilikuwa karibu kuliko huzuni yake.

Uongo wa kwenye simu ni mwepesi sana. Mikekani hauwezekani, mtu atalichukua haragwe mkononi mwako, ataling'ata, atakwambia limekaa mwaka mzima. Kwenye simu picha hukatika vipande na hakuna anayegusa kitu. Kila mara zamu yangu ilipofika nilimimina kiganja kilekile, nikichagua yaliyobaki na rangi, kwa sababu haragwe likizeeka hugeuka kahawia. Nilitoa na taarifa. Mwandiko mzuri husaidia hata katika kusema. Nilieleza idadi ya maganda kwa mti kama mtu anayesoma daftari.

Kisha papa katekista akaomba mbegu. Kwa kuwa tuna mengi namna hiyo, alisema, ajaribu na yeye kule Mpofi. Sikuwa na njia ya kukataa. Nilimtumia bakuli dogo kwa dereva wa lori, na chupa ikashuka tena. Baada ya miezi miwili alionyesha mbele ya simu tawi la majani bila ganda.

"Kwangu inaleta tu majani," akasema. "Pengine bulongo yangu iko mubaya."

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli. Kila mtu alikuwa anasikiliza, na nilikuwa nimeinua kiganja changu cha maharagwe ya zamani. "Ongeza majivu, papa katekista," nikamwambia. "Na miti iwe mirefu zaidi."

Aliandika. Nilimwona akiandika. Alipanda tena, akaongeza majivu, akatafuta miti mirefu, na msimu uliofuata akaja na majani tena, akasema labda ni dhambi fulani katika lile shamba, maana aliyelilima kabla yake aligombana na ndugu zake. Mama prezida alimfariji. Alimwambia asikate tamaa, ajifunze kutoka kwa mama sekretere. Na mimi, ambaye vitunguu vyangu vilioza mbele ya mlima mzima, nikawa mwalimu wa kilimo. Sijawahi kuheshimiwa kama nilivyoheshimiwa miezi ile.

Iliisha kwa sababu ya mvua. Mama prezida alipanda malishoni Jumapili moja akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu vita. Alikuwa amelima tena matuta yake, mwenyewe, kwa jembe la kuazima. Alionyesha mkono uliojaa udongo mweusi.

"Mama sekretere, mvua iko karibu. Nitumie mbegu. Kitunga moja itanitosha, ingine ubakie nayo."

Nilisema nitatuma. Siku ya soko nilikwenda kwa wauza maharagwe wa Mubi, wanaoyapata kutoka milimani kwa lori, nikainama juu ya kila gunia mpaka nikapata yenye madoa ya zambarau. Nilinunua kopo moja. Nyumbani niliyaweka kando ya yetu juu ya meza, na kwa macho, mtu asiyejua asingetofautisha. Nilikaa nayo mchana kutwa. Nilifikiria namna mama prezida atakavyoyapanda, atayapalilia miezi mitatu, atayavuna, atayapika, na kuona mchuzi. Tuliyapika sisi jioni hiyohiyo. Mchuzi ulikuwa mweupe.

Jumapili nilikwenda shambani kabla ya mkutano, na simu ilipoita nilikuwa huko, nimesimama kati ya miti yangu. Zamu yangu ilipofika niling'oa mmoja. Ulitoka na mizizi, nikauinua mbele ya simu na majani yake yote.

"Hii njo kitu shamba yangu inazalaka," nikasema. "Maragi haijazala hata siku moja. Ile nilikuwa naonyesha ilikuwa ya mu chupa."

Nilidhani watapiga kelele. Kwenye simu unadhani rezo imekatika, halafu unaona mtu anapepesa macho. Papa katekista alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kumbe bulongo yangu haikukuwa mubaya," akasema. Kidirisha chake kikazimika.

Mama prezida akauliza: "Imebakia ngapi?"

"Haifike mikono mbili."

"Ya wakati gani?"

"Ya wakati tulikimbia."

Alihesabu kwa vidole. Sote tulijua anachohesabu. Haragwe la mwaka mmoja huota, la miaka miwili huota nusu, na katika unyevu wa msitu hata hiyo nusu ni ya kubahatisha. "Itume yote," akasema. Kisha akaongeza, bila kunitazama, na sijui kama alikuwa amelipanga au lilimjia palepale: "Na kuanzia leo, mwenye mukono mutupu njo atasemaka wa kwanza."

Sheria hiyo sikuipenda. Ilikuwa sheria iliyotungwa juu yangu, na kila mtu alijua.

Njia ya kutoka Mubi kwenda Masisi hupita Mpofi, na wakati ule hakuna dereva aliyekubali kuvuka Mpofi. Aliyekuwa akipita, kwa miguu na kwa pikipiki pale palipowezekana, alikuwa papa katekista, kwa sababu ya barua za parokia. Sikuwa na mtu mwingine. Kumtumia chupa kwa lori niliona haifai, basi nilipanda pikipiki mpaka Walikale, nikalala, nikapanda nyingine mpaka Mpofi. Nilimkuta nyuma ya nyumba, katika lile shamba aliloliita la dhambi. Ile miti mirefu niliyomshauri ilikuwa imesimama yote, na yake pia ilikuwa imechipua.

Nilimpigia magoti kama tunavyoomba msamaha kwetu. Aliniambia niinuke, udongo ni mchafu. Alipokea chupa kwa mikono miwili, akaigeuza juu chini mbegu zikateremka, akaitazama kwenye mwanga. Mke wake alinipa ndizi na chai. Nililala kwao, asubuhi nikaondoka.

Baada ya wiki mbili mama prezida alionyesha udongo wenye mche mmoja, majani mawili. Mbegu nyingi zilikuwa zimeoza ardhini, kumi na tatu zimeota. Alikuwa akizitembelea asubuhi na jioni, na kila Jumapili tulipewa habari za kila mche, huu umeshika mti, huu umekatwa na mdudu. Nilikuwa nalima mchicha wa lengalenga na muhogo kama mzee alivyonielekeza, nikionyesha mkono wangu wa kweli, nikisema machache. Papa katekista alikuwa akija mkutanoni, akionyesha karoti zake. Na mimi hakuwa akiongea.

Kisha ikaja Jumapili ambayo mama prezida alijitokeza mbele ya simu akainua kiganja kitupu. Muuguzi alikuwa amemshika bega.

"Ninaanza mimi," akasema. "Mvua ya mawe ilipita Alhamisi. Haikubakiza hata moja."

Alieleza kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anaeleza habari za jirani. Mawe yalikuwa makubwa, yakaanguka muda mfupi tu, na ndipo maganda yalikuwa yameanza kufunga, bado hayana punje. Alisema amepekua ardhini, labda atapata mbegu moja iliyochelewa kuota, hakuna. Mama wa Walikale alianza kulia. Nusu ya chupa nilikuwa nimeipanda kwenye joto bila kuuliza mtu, na bakuli zima nimelitoa kwa uongo. Kama vingekuwapo, mama prezida angekuwa na cha kupanda tena kesho yake.

"Mama prezida, niko na neno," papa katekista akasema. Aliinamia kando, akarudi, akainua mkono wake mbele ya simu. Ulikuwa na maganda matano mabichi. Alipasua moja kwa kidole gumba, akalisogeza karibu mpaka likajaza kidirisha: punje sita nyeupe, na madoa yameanza kuingia.

"Kabla nikuletee chupa, nilikamata mule mbegu nusu mukono," akasema. "Nilipita nazo kwa dada yangu, kule yulu, penye baridi, nikapanda. Sikukuambia. Nilikuwa nasema mu roho, huyu mama sekretere alitudanganya, pengine na hii iko uongo. Nilitaka nione mimi mwenyewe kabla ya muntu mwingine kuumia."

"Uliiba mbegu yangu," mama prezida akasema.

"Njo vile. Niliiba."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka muuguzi naye akacheka na simu ikatikisika, tukaona mawingu, nyasi, kiatu cha mtu. Sikucheka. Nilikuwa nalia, na sikuficha uso, kwa mara ya kwanza tangu tuanze mikutano ile. Haragwe lilikuwa hai kwa sababu mtu mmoja alikuwa na akili ya kutoniamini.

Waliongea mambo ya kukausha, ya majivu, ya kupanda nusu kwa dada na nusu kwa mama prezida ili mawe yasiyakute pamoja. Chupa waliamua ihamie kwa papa katekista. Katika zamu za zamani haikuwa nyumba yake inayofuata, lakini hakuna aliyepinga. Karibu na mwisho mama prezida akaita jina la kazi yangu. Niliinua fungu la lengalenga.

"Papa katekista," nikasema, "siku mbegu itakuwa mingi, utanipa na mimi? Sitaipanda huku. Nitaichunga tu."

Alinitazama moja kwa moja kwenye simu. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea nami tangu Mpofi.

"Mbegu haipitake mu telefone, mama sekretere," akasema. "Utakuya kuikamata wewe mwenyewe, ku mukeka."

Njia bado ni mbaya, na watu wanaotoka huko wanasema tungoje. Jumatatu niliosha chupa nyingine na kuianika kwenye paa la duka la shemeji, mdomo chini. Huku Mubi kitu kinachukua siku nyingi kukauka.